BIBI FANNIE LOU HAMER WA MISSISSIPPI NA BENKI YAKE YA NGURUWE



Mazungumzo ya leo yanamhusu mwanamke mkulima wa Marekani, Bibi Fannie Lou Hamer, aliyezaliwa tarehe 6 Oktoba 1917 katika jimbo la Mississippi, akafariki katika jimbo lile lile tarehe 14 Machi 1977. Wengi wamelisikia jina lake kwa sababu ya kura, maana alikuwa miongoni mwa watu waliopigania haki ya watu weusi wa Marekani kupiga kura. Walio wachache wamesikia habari za jembe lake. Hata hivyo yeye mwenyewe hakutenga mambo hayo mawili. Aliona kwamba mtu anayepewa chakula na mkono wa mwingine hawezi kwenda kupiga kura kwa moyo mkunjufu, kwani mkono ule ule waweza kufumbwa siku yo yote.

Kwanza yafaa ielezwe nchi yenyewe. Mississippi iko kusini mwa Marekani, na upande wake wa magharibi pana tambarare kubwa iitwayo Delta, kati ya mto Mississippi na mto Yazoo. Udongo wake ni mweusi, uliowekwa na mafuriko ya mito kwa maelfu ya miaka, na pamba husitawi huko ajabu. Lakini walioilima pamba hiyo, walio wengi hawakuwa na ardhi. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu weusi walitoka katika minyororo bila shamba wala jembe. Ndipo ikaenea desturi ya kulima kwa nusu. Mwenye shamba alitoa ardhi, kibanda cha mbao, mbegu na nyumbu wa kukokota plau. Mkulima alitoa nguvu zake, na za mkewe, na za watoto wake wote. Mwisho wa mwaka mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu.

Maneno hayo yasikika kuwa ya haki, lakini sivyo ilivyokuwa. Katika nusu ya mkulima yalitolewa kwanza madeni yake yote: mbegu, mbolea, dawa, na tena unga na chumvi alivyokopa katika duka la shamba lile lile, pamoja na riba. Kitabu cha hesabu kilikaa kwa mwenye shamba. Mkulima asiyejua kusoma hakuwa na la kujibu. Naye aliyejua kusoma ilimpasa afikiri sana kabla hajafungua kinywa chake. Jamaa nyingi zilifanya kazi toka masika hata Desemba, zikaambiwa kwamba bado zinadaiwa.

Katika hali hiyo waliishi Bwana Jim Townsend na mkewe Bibi Lou Ella. Walizaa watoto 20, na Fannie Lou alikuwa wa mwisho. Alipokuwa na umri wa miaka miwili walihamia wilaya ya Sunflower, katikati ya Delta.

Habari za huyo Bibi Lou Ella zastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa mwanawe aliyasimulia maisha yake mara nyingi, na mengi aliyoyafanya baadaye aliyachota kwake. Pamba ilipokwisha kuvunwa, mashina hubakiwa na vishungi vidogo vilivyoachwa na wachumaji. Bibi Lou Ella alikwenda kutoka shamba hata shamba, akiomba ruhusa ya kuokota masalio hayo pamoja na watoto wake. Wakati huo wa mwaka ardhi huganda kwa baridi kali, na watoto hawakuwa na viatu, basi aliwafunga miguu kwa vipande vya magunia. Waliokota hata wakapata robota zima la pamba, wakaliuza, wakanunua chakula. Siku ambazo hapakuwa na kitu walikula majani ya mboga yaliyochemshwa bila chumvi ya kutosha, au mchuzi wa unga, au kitunguu na mkate. Nguo ya mama ilishonwa kiraka juu ya kiraka, hata ikawa nzito mwilini.

Mama huyo hakuwa mnyonge. Alipokwenda shambani alibeba ndoo iliyofunikwa kitambaa, na chini ya kitambaa palikuwa na bastola, asije mtu akawapiga watoto wake. Na binti yake mdogo alipomwuliza kwa nini wao si weupe, maana weupe ndio walioonekana kuwa na chakula, mama alimkataza asiseme hivyo tena, akamtafutia mwanasesere mweusi ili ajifunze kujiheshimu. Siku moja alipokuwa akikata miti kwa shoka, kipande kiliruka kikamwingia jichoni. Fedha za daktari hazikuwapo, na jicho lile likapotea.

Fannie Lou alianza kuchuma pamba alipokuwa na umri wa miaka 6, na namna alivyoanza ni ya kusikitisha. Alikuwa akicheza kando ya njia, mwenye shamba akapita, akamwuliza kama aweza kuchuma pamba. Mtoto akajibu kwamba hajui. Akaambiwa kwamba akichuma ratili 30 katika juma moja, atachukuliwa dukani akachague vitu vitamu, samaki wa mkebe na keki. Mtoto alichuma, akapewa. Juma lililofuata akatakiwa achume ratili 60. Alipokuwa mtu mzima ndipo alipotambua kwamba siku ile alitiwa katika deni ambalo jamaa yake ilikuwa imefungwa nalo tangu zamani. Shuleni alisoma miezi michache tu kila mwaka, wakati pamba haikuhitaji mikono, na hata hivyo alikuwa hodari wa kusoma. Alipofika miaka 13 aliweza kuchuma ratili 200 na zaidi kwa siku moja, ingawa alichechemea kwa ugonjwa alioupata utotoni.

Mwaka mmoja mambo yalielekea kuwa mazuri. Jamaa ilivuna vizuri, na Bwana Townsend, ambaye alikuwa pia mhubiri wa kanisa, aliweka akiba. Akakodi shamba lake mwenyewe, akanunua nyumbu watatu, ng'ombe wawili na vyombo vya kulimia. Kwa mara ya kwanza walianza kulima kama watu walio huru. Usiku mmoja mtu aliingia zizini, akachanganya sumu ya kuulia wadudu wa pamba katika chakula cha wanyama. Kulipopambazuka nyumbu na ng'ombe walikuwa wamevimba matumbo, na wote wakafa. Waliamini kwamba aliyefanya hivyo ni jirani mzungu asiyependa kumwona mtu mweusi akisimama kwa miguu yake. Jamaa ikarudi kulima kwa nusu, na hawakuinuka tena.

Mwaka 1944 Fannie Lou aliolewa na Bwana Perry Hamer, dereva wa trekta, mtu mrefu na mpole. Walikaa katika shamba kubwa la pamba karibu na mji mdogo wa Ruleville. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, Bibi Hamer alipewa kazi ya kuandika saa za wafanya kazi na uzito wa pamba waliyochuma. Hapo aliona jambo ambalo wachumaji walilishuku siku zote. Jiwe la mizani halikuwa la haki, hata ratili za mchumaji zilipungua. Bibi Hamer akajipatia jiwe jingine. Mwenye shamba alipokuwa mbali alipimia kwa jiwe lake; alipomwona anakuja, alirudisha lile la zamani. Alifanya hivyo kwa siri, bila kumwambia mtu ye yote kwamba anatetea haki. Hata hivyo mtu akitaka kujua alikoanza safari yake, pengine mizani ile yatosha.

Bibi Hamer na mumewe hawakujaliwa kupata watoto wao wenyewe. Mwaka 1961 aliingia hospitali kwa upasuaji mdogo wa kuondoa uvimbe, na daktari akamtoa kizazi bila kumwambia. Jambo hilo liliwapata wanawake weusi wengi wa Mississippi wakati ule. Lakini nyumba yao haikuwa tupu, kwani walikuwa wamekwisha kuchukua watoto wawili wa kike, mmoja wao akiitwa Dorothy Jean, wakawalea kwa mshahara wa shamba, bustani ndogo na samaki wa mtoni.

Tarehe 31 Agosti 1962 alipanda basi kuukuu pamoja na wenzake 17, wakaenda Indianola, makao makuu ya wilaya, kuomba waandikwe wapiga kura. Karani alimpa mtihani wa kueleza kifungu cha katiba ya jimbo ambacho mwanasheria angalikuna kichwa. Akashindwa. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi, na dereva akatozwa faini kwa sababu rangi ya basi ni manjano mno. Jioni ile mwenye shamba alimwambia Bibi Hamer afute jina lake au aondoke. Alikuwa amefanya kazi pale miaka 18. Akajibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya bwana yule, ila kwa ajili yake mwenyewe. Akaondoka usiku ule ule. Mumewe alilazimishwa kubaki hata mavuno yaishe, kisha naye akafukuzwa, wakapoteza karibu kila kitu walichokuwa nacho.

Mambo yaliyofuata yameandikwa sana: risasi zilizopigwa katika nyumba alimolala, kipigo alichopigwa gerezani katika mji wa Winona mwezi Juni 1963, kilichomwumiza figo na jicho kwa maisha yake yote, na ushuhuda alioutoa mbele ya mkutano wa chama cha Democratic mwaka 1964, uliosikiwa Marekani nzima katika televisheni. Hapa yatosha kuyataja.

Lakini jambo moja la majira yale yafaa lisipitwe. Mwezi wa Oktoba 1962 halmashauri ya wilaya jirani ya Leflore iliacha kugawa chakula cha msaada kilichotoka kwa serikali kuu. Zaidi ya watu 20,000 walikitegemea chakula hicho wakati wa baridi, ambapo kazi ya pamba haipo. Watu weusi wote walielewa maana yake, ya kwamba wilaya inayoandikisha wapiga kura haitakula. Bibi Hamer alisaidia kugawa chakula na nguo zilizoletwa kwa malori kutoka miji ya kaskazini, akaona jinsi njaa inavyoweza kutumiwa kama fimbo.

Mwaka ule wa 1964 alisafiri Guinea, Afrika ya Magharibi, pamoja na vijana wa chama chake, kwa mwaliko wa serikali ya Rais Sékou Touré. Mtu aliyefukuzwa shambani kwa kutaka kura alimwona Rais mwenyewe akija kuwatembelea alipowafikishia wageni wake. Aliona watu weusi wakiendesha ndege na kufanya kazi katika mabenki. Na aliona wanawake wamebeba mizigo kichwani kama alivyobeba mama yake kule Mississippi, akatambua kwamba yale aliyoyadhani kuwa ya umaskini wa kwao yalikuwa na asili yake ng'ambo ya bahari.

Aliporudi, Delta ilikuwa inabadilika. Mashine za kuchuma pamba zilikuwa zimeingia, na moja ilifanya kazi ya makumi ya watu. Dawa za kuua magugu ziliondoa kazi ya palizi. Mwaka 1967 sheria ilitaka kibarua wa mashamba makubwa alipwe angalau dola moja kwa saa, na wenye mashamba wengi wakaona afadhali kuwatoa watu kabisa. Chakula cha bure nacho kilibadilishwa kuwa hati za kununulia chakula, na hati zenyewe zilinunuliwa kwa fedha taslimu, ambazo mtu asiye na kazi hakuwa nazo. Mwezi wa Aprili 1967 wajumbe wa baraza kuu la Marekani, akiwamo Robert Kennedy, walifika Delta, wakaona watoto wenye matumbo yaliyovimba kwa utapiamlo, katika nchi yenye udongo mzuri kuliko sehemu nyingi za dunia.

Mwaka huo huo njaa iliingia nyumbani kwa Bibi Hamer. Binti yake Dorothy Jean alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na mwili wake ulikuwa dhaifu kwa kukosa chakula bora. Akapatwa na ugonjwa wa kutokwa damu ndani ya mwili. Hospitali za karibu hazikumpokea. Akachukuliwa kwa gari kuelekea mji wa Memphis, mwendo wa maili zaidi ya 100, na hakupona. Bibi Hamer na mumewe, ambao umri wao ulikuwa umekwisha kusogea, waliwachukua wajukuu wale wawili wadogo, wakaanza tena kulea.

Mwaka 1968 ndipo alipoanzisha Benki ya Nguruwe. Chama cha wanawake weusi kiitwacho National Council of Negro Women, kilichoongozwa na Bibi Dorothy Height, kilimsaidia kununua mitamba makumi kadhaa na madume 5. Jamaa maskini ilipewa mtamba, ikamtunza na kumlisha. Wakati wake ulipofika alipelekwa kwa dume la benki. Nguruwe huchukua mimba miezi 3, majuma 3 na siku 3, kama wafugaji wanavyohesabu, naye huzaa watoto wanane au kumi kwa mara moja. Alipozaa, jamaa ilirudisha watoto wawili katika benki, ili wapewe jamaa nyingine, na waliosalia walikuwa mali yao. Riba haikuwapo, wala kitabu kilichofichwa. Nguruwe mmoja mkubwa hutoa nyama ya kiasi cha ratili 150, ambayo hutiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, ikaliwa majira yote ya baridi. (Wasikilizaji Waislamu waweza kuweka mbuzi mahali pa nguruwe katika hesabu hii, ingawa mbuzi hana haraka namna hiyo ya kuzaa.) Katika miaka michache mamia ya jamaa walipata nyama kwa njia hiyo.

Kisha likafuata shamba. Mwaka 1969 Bibi Hamer na wenzake walinunua ekari 40 katika wilaya ya Sunflower, wakaliita Freedom Farm, yaani Shamba la Uhuru, nalo likawa chama cha ushirika. Baadaye waliongeza ekari 640. Walilima kunde, maharagwe, bamia, mahindi, viazi vitamu na mboga za majani, na mboga hizo hazikuuzwa. Waliofanya kazi walichukua, na wazee na wagonjwa waliletewa. Maskini wa kizungu nao hawakukatazwa. Sehemu nyingine ilipandwa pamba na soya, ili fedha zake zilipie ardhi. Ushirika ulisaidia watu kupata mikopo ya nyumba, hata waliofukuzwa mashambani wakawa na mlango wa kufunga kwa ufunguo wao.

Bibi Hamer alipenda kuwaambia watu kwamba jamaa iliyo na nguruwe nyuma ya nyumba, na chupa 400 za mboga zilizochemshwa na kuwekwa akiba kwa baridi, haisukumwi na mtu wala kuambiwa la kusema. Anayemjua mama yake ataelewa kwa nini alizihesabu chupa.

Yafaa isemwe wazi kwamba shamba hilo halikudumu. Ada ya mwanachama ilikuwa dola moja kwa mwezi. Jamaa kiasi cha 1,500 walihesabiwa kuwa wanachama kwa jina, lakini walioweza kutoa dola hiyo hawakuzidi 30 hivi. Kwa hiyo fedha zilitoka kwa wafadhili wa mbali, kama vile mwimbaji Harry Belafonte na watu wa Madison katika jimbo la Wisconsin, na kwa hotuba ambazo Bibi Hamer alitoa huku na huku. Mkulima aliyepaswa kuwa shambani alikuwa safarini akitafuta fedha za shamba, na hesabu za ushirika hazikuwa imara kama bustani zake. Tufani kubwa ilipiga Delta mwezi wa Februari 1971, na fedha zilizotengwa kwa kilimo zikatumika kuwasaidia walioharibikiwa. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa hilo, ingawa muuza ardhi hakungojea. Miaka miwili iliyofuata ilileta mafuriko na ukame, na pamba na soya, ambazo zilitazamiwa kulipa deni, zikashindwa. Bibi Hamer mwenyewe akaanza kuugua saratani na shinikizo la damu. Hotuba zikapungua, na fedha zikapungua pamoja nazo. Kufikia mwaka 1976 karibu ardhi yote ilikuwa imekwenda kulipia madeni na kodi.

Hakuwa peke yake katika hasara hiyo. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi 925,000 na zaidi. Hesabu ya serikali ya mwaka 2022 ilikuta hawafiki 50,000. Wengine waliondoka kwa hiari kwenda viwandani kaskazini. Wengi walinyimwa mikopo iliyopewa majirani zao wazungu, au waliuziwa ardhi kwa mnada kwa sababu ya kodi, au walirithi bila hati, wakaondolewa na wanasheria.

Bibi Hamer alifariki katika hospitali ya Mound Bayou, mji ulioanzishwa na watu weusi wenyewe mwaka 1887. Alizikwa Ruleville, katika kipande cha ardhi iliyonunuliwa na ushirika wake, na Bwana Perry, aliyebaki kuwalea wajukuu, alizikwa karibu naye mwaka 1992.